MJADALA: Kumfutia Spider-Man ndoa yake, ilikuwa halali au ni uhuni?

Wakuu, kuna mdau kasema Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, asingefutiwa ndoa angekuwa mhusika wa kuchosha. Napinga mchana kweupe.

Kwa wasioifuata hii komiki, Peter alimuoa Mary Jane 1987. Miaka 20 jamaa ana mke, ana bili, ananuniwa nyumbani, tushazoea. 2007 wachapishaji wake, Marvel, wakaleta stori ya One More Day, Aunt May, shangazi aliyemlea Peter, kapigwa risasi iliyomlenga Peter, yuko hoi hospitali, anatokea Mephisto, yaani shetani kabisa, anawaambia Peter na Mary Jane, Aunt May nitamponya ila ndoa yenu naichukua, itakuwa kama haikuwahi kuwepo. Na wakakubali! Peter anaamka kapera, anaenda kwenye pati anamkuta Harry Osborn, rafiki yake aliyekufa 1993, mzima wa afya. Duh.

Sikatai mhusika kubadilika, wa tangu 1962 huyu kapita mikono kibao. Gwen Stacy, mpenzi wake wa zamani, kafa 1973, watu wakaumia, ila kila mwandishi aliyefuata alikibeba kile kifo na kikamkomaza Peter. Sasa mtu aliyemwachia mwizi apite, mwizi huyo akamuua Uncle Ben aliyemlea, akaapa hatokwepa tena wajibu, ndo huyo huyo mnampeleka kwa shetani akakwepe? Huyo sio Peter, ni mtu mwingine kavaa nguo zake. Hata mwandishi wa One More Day, J. Michael Straczynski, alisema wazi hakubaliani na mwisho ule uliotoka kwa mhariri mkuu Joe Quesada, alitaka mpaka jina lake litolewe.

Jibu: Mkuu unaongea kishabiki. Hii komiki inatakiwa iuzike kwa dogo wa miaka 14 ambaye 1987 hata mama yake alikuwa bado yuko shule. Quesada hoja yake ilikuwa nyepesi tu, ndoa inamzeesha Peter, talaka itamzeesha zaidi, na akifiwa na mke ndo basi kabisa, wangefanyaje sasa? Halafu stori kali zilikuja baada ya hapo. Superior Spider-Man ya 2013, adui yake Doctor Octopus anaishi ndani ya mwili wa Peter, hebu niambie ingewezekanaje na mke yupo chumbani? Angemshtukia usiku wa kwanza tu.

Mleta mada: Hiyo ya Octopus nakupa, nimecheka. Ila huyo dogo alishawekewa ya kwake mzee, tangu 2000 kulikuwa na Ultimate Spider-Man, Peter wa miaka 15 yuko shule, kila kitu kimeanza upya na ile ya zamani haikuguswa hata ukurasa. Sasa kufuta kulikuwa kwa nini? Na 2024 Jonathan Hickman kaja na Ultimate nyingine, Peter ana mke na watoto wawili ndo kwanza anaanza kuvaa kinyago, toleo la kwanza likawaishia wakachapa tena na tena. Walionunua ni wazee watupu?