Mjadala: Nyumba za Lamu zipewe nambari ili barua zifike mlangoni?

Mkaazi wa Langoni:
Jana barazani mzee mmoja alishikilia kuwa zamani posta ilikuwa ikituletea barua nyumbani, na kwamba tukizipa nyumba nambari huduma hiyo itarudi. Kwenye nambari niko naye. Kwenye hiyo zamani, hapana. Barua za Lamu huandikiwa sanduku: S.L.P. na nambari yake, kisha 80500. Waliozifikisha mlangoni ni watu.

Sanduku letu lilikuwa la mwenye duka la viungo, na nusu ya kichochoro tulilitumia. Barua alizibana chini ya mizani, akimwona mtoto wa nyumba anatoka chuo cha Kurani humwita: "Chukua, mpe mamako, usiikunje." Ya mjomba kutoka Jeddah ilikuwa ile karatasi ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe, ukiifungua kwa pupa unachana na maneno. Nje anwani kwa herufi za Kizungu, ndani Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ili mama asome mwenyewe bila kutafuta msomaji.

Lakini barua yangu ya kuitwa sekondari ilipitia sanduku la shule, ikalala kwenye droo wiki tatu. Nilifika wenzangu wameshagawiwa vitanda na vitabu. Sikufanyiwa kusudi. Jina langu lilikuwapo juu ya bahasha, njia ya kunifikia haikuwapo. Na msiniambie vichochoro havihesabiki. Mbona msoma mita ya maji hapotei? Wajerumani walifungua posta mji huu tangu 1888, jengo lake leo ni makumbusho, na mlango wangu bado hauna anwani.

Mama wa Mkomani:
Mwanangu, nambari itajua nini? Nilipokuwa kijijini Matondoni namuuguza dada yangu, mwenye duka alimpa nahodha barua yangu, nikaipata kule kule jioni. Huyo wa kufuata nambari angeiacha dakani mbele ya mlango, mvua ikainyeshea. Tena sitaki kibati kipigiliwe kwenye mlango uliochongwa kwa mkono. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na milango hii ni sehemu ya kilichouweka huko.

Mkaazi wa Langoni:
Mama, la mlango umenishinda. Kibati kisiguse mbao, kiwekwe ukutani juu ya baraza. Na mwenye duka simkatai, Mungu amrehemu. Ila mwanawe sasa anauza vocha za simu, na sanduku halilipiwi tena. Siku hizi kifurushi kikivushwa kutoka Mokowe, ng'ambo bara, napigiwa simu nikifuate mwenyewe gatini. Mimi nina miguu. Mama yangu yuko orofani, ngazi hazimudu tena, na dawa zake huagizwa Mombasa. Siku nisipokuwapo, nani atampelekea, na atamuulizia kwa jina gani?