Mjadala: Mpunga wenye protini za maziwa ya mama, tuukubali Uganda?

Nnalongo wa Busia
Natupa mada, nijibuni bila matusi. Wanasayansi wanachukua jeni ya binadamu inayotengeneza protini ya maziwa ya mama, wanaitia kwenye mpunga, na punje inabeba protini hiyo. Si ndoto: kampuni ya Ventria ya Marekani ilishapanda mpunga wa namna hiyo Kansas, wa laktoferini na lisozimu. Laktoferini inashika madini ya chuma ili vijidudu visiyapate. Lisozimu inapasua kuta za bakteria. Maziwa mengi ya kopo yanatokana na ng'ombe, na ng'ombe protini hizo anazo kidogo sana.

Nauliza kwa yaliyonikuta. Mapacha wangu Wasswa na Kato walipozaliwa, maziwa yangu hayakuwatosha wote wawili. Kopo la siku nne nililivuta hadi siku tisa. Kile kijiko cha plastiki kinachokuja ndani, maelekezo yanasema ujaze kisha usawazishe juu kwa kisu. Mimi nilikuwa natia nusu. Chupa ikawa na rangi ya maji ya kuoshea mchele, watoto wananyamaza dakika kumi, wanaanza tena.

Kwa hiyo kama mmea utashusha bei, mimi ningenunua. Bunge lilipitisha muswada wa bioteknolojia, yaani wa mimea iliyobadilishwa jeni kama huu mpunga, 2017, Rais akaurudisha. Likaupitisha tena 2018, akakataa kusaini. Tunangoja nini?

Mkulima wa Doho
Pole dada. Lakini njoo huku kwetu Butaleja wakati wa mavuno uone mpunga unavyosafiri. Upepo haunitishi, maana mpunga kwa sehemu kubwa unajichavusha wenyewe. Kinachonitisha ni mashine ya kukoboa. Magunia ya watu ishirini yanapita humo mchana mmoja, na ukiipiga mashine kofi punje za mwenzako zinakudondokea. Ventria walipingwa Missouri, penye wakulima wa mpunga, wakahamia Kansas ambako haulimwi kibiashara. Walijua wanachofanya. Sisi tutaupeleka wapi, Moroto kwenye ukame?

Na ule muswada wa 2018 ulikuwa na kifungu cha kumbana mwenye mbegu alipe madhara hata kama hakuzembea. Watafiti walikilalamikia sana, eti kitaua utafiti. Mimi naona ndicho kifungu pekee kilichoandikwa kwa ajili yangu.

Nesi wa zamu ya usiku
Protini mbili si maziwa ya mama, jamani. Mama akikutana na kijidudu cha Busia, mwili wake unatengeneza kingamwili za kijidudu hicho hicho na kuzipitisha kwenye titi. Mpunga wa Kansas utaijulia wapi Busia?

Tena kuongeza protini moja si lazima kulete faida. Uingereza waliwapa laktoferini ya ng'ombe watoto njiti katika jaribio la watoto zaidi ya 2,200. Matokeo yalitoka 2019: maambukizi hayakupungua. Ila niseme haki: Peru, watoto wenye kuhara waliopewa maji ya chumvi na mchele ya kutibu kuhara, yaliyotiwa protini za mpunga wa Ventria, walipona mapema zaidi, ingawa baadaye ukazuka ugomvi kama wazazi walielezwa vizuri walichokuwa wanapewa. Kwa hiyo mkiniletea kama tiba ya kuhara, nakaa nasikiliza.

Halafu kuna maji. Unga wa kopo hauna uhakika wa kuwa safi kabisa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70. Saa tisa usiku, nani ana chupa ya chai yenye maji ya moto hivyo?

Kijana wa Bombo
Naomba kuuliza, msinicheke. Kwetu Waislamu, walionyonya kwa mwanamke mmoja ni ndugu, hawaoani. Watoto wawili wakilelewa na kopo hilo, wamekuwa ndugu?

Mkulima wa Doho
Basi mama yao ni mpunga, na Butaleja nzima hatuoani tena.

Kijana wa Bombo
Nimesema msinicheke. Kwa akili yangu kunyonya kunataka mwanamke, lakini nitamuuliza shehe.

Nnalongo wa Busia
Mkulima, hilo la mashine sikulijua. Narudi nyuma nusu hatua: usipandwe hapa mpaka kuwe na sheria, na kifungu chako kiwemo. Ila kopo likitengenezwa kwingine likaja na lebo ya kweli, sioni kwa nini tulikatae. Makopo ya bei ghali tayari yana sukari za maziwa ya mama zinazotengenezwa na bakteria waliobadilishwa jeni, na hakuna aliyeandamana. Ninachoogopa ni matangazo. Kanuni zetu za 1997 zinakataza kunadi maziwa ya kopo. Ngoja waweze kusema "yana protini za mama" uone watakavyozizunguka.

Nesi, hujanijibu. Usiku ule, watoto wawili, titi tupu, ungenipa nini?

Nesi wa zamu ya usiku
Ningekukalisha na mito miwili, Wasswa kulia, Kato kushoto, kwa wakati mmoja, kila baada ya saa mbili. Maziwa yanakuja kwa kunyonywa. Na mtu mwingine apike, afue, abebe maji, wiki mbili nzima.

Nnalongo wa Busia
Mtu gani? Ssalongo, baba yao, alikuwa Juba na lori.