Sanamu ya jiwe la Kisii imeniteka, mzee haoni maana yake. Nishaurini

Nesi wa Mamboleo
Hamjambo wana jukwaa. Naomba ushauri, hasa kutoka kwa wenye familia.

Kuna duka la vinyago hapa Kisumu ambalo hulipita nikitoka kazini. Ndani yake kuna sanamu ya jiwe la Kisii, haizidi dhiraa moja. Ni mama ameketi chini, mtoto mgongoni. Uso wa mama umesuguliwa hadi unang'aa, lakini leso aliyombebea mtoto imeachwa na alama za patasi, mikwaruzo mifupimifupi ambayo ukipitisha kidole unaihisi. Kichwa ameinamisha kidogo upande wa kushoto, na shingo yake imechoka. Sijui nielezeje shingo ya jiwe kuchoka, lakini ndivyo ilivyo.

Nafanya kazi wadi ya watoto. Usiku wa manane akina mama huketi hivyo hivyo, mtoto ameshapata usingizi na wao usingizi hauji. Mara ya kwanza kuiona, machozi yalinitoka mbele ya muuzaji.

Bei ni 14,000, naona anaweza kuteremka hadi 12,000. Pesa ninazo, ni za chama. Baba watoto hajakataa, ila ananiuliza swali moja tu: "Hilo jiwe litatufanyia nini?" Nami nakosa jibu. Je, ni busara kununua? Na nyinyi mkipenda picha au sanamu, mnamwelezaje mtu asiyeona mnachokiona?

Baba Junior Kondele
Dada, pole na kazi. Mimi niko na shemeji. Januari haiko mbali na karo haina huruma. Hata kama umelipa, 12,000 ziweke kwa sacco. Mawe ya Tabaka, kule Kisii yanakochongwa, hayajaisha, sanamu zitakuwepo tu.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru
Binti yangu, nijibu lile swali la pili, maana la kwanza ni lenu wawili.

Picha iliyonishika mimi ni ya Rembrandt, yule Mholanzi: mwana mpotevu akirudi kwa baba yake. Aliichora katika miaka ya 1660, uzeeni, naye akafariki 1669. Yenyewe iko St Petersburg, Urusi, katika jumba la Hermitage, na ni kubwa kuliko mtu, inapita mita mbili na nusu kwenda juu. Yangu ni ya kalenda ya kanisa, niliikata nikaitia fremu.

Kisa chenyewe tunakijua kutoka Luka 15. Sasa tazama miguu. Kijana amepiga magoti, ametugeuzia mgongo, uso wake karibu hauonekani. Ndara ya kushoto imetoka mguuni na unyayo uko wazi, mchafu, umekwaruzika. Njia yote aliyotembea imo katika unyayo ule. Halafu panda hadi mikono ya baba. Wa kushoto ni mpana, umemkaza begani. Wa kulia ni mwembamba, umetua tu mgongoni. Wapo wasemao mmoja ni mkono wa baba na wa pili ni wa mama. Mimi sihitaji kufika huko. Naona mzee ambaye macho yake yamefifia, anamtambua mwanawe kwa kumpapasa. Mwanangu mwenyewe alirudi nyumbani baada ya kimya cha miaka, na nilipomshika mgongo, mikono yangu haikujua ikaze au itulie. Ilifanya yote mawili. Nikaiangalia ile kalenda upya.

Kwa hiyo usimweleze mume wako. Mpeleke dukani, mwache asimame, kisha umuulize: huyu mtoto amelala au yuko macho? Akijibu, ina maana ameshaanza kuangalia. Darasani swali dogo namna hiyo lilinifaa kuliko hotuba.

Kijana wa Bondeni
Kuhusu pesa, niongeze kidogo. Marehemu Rosemary Karuga, aliyesomea sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, alifundisha shule kwa miaka mingi, na alipostaafu akatengeneza picha kwa vipande vya karatasi za sabuni na pakiti za unga alivyokata na kubandika. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, New York. Nampenda kwa sababu ukisogea karibu na kuku wake unaona maandishi ya pakiti kwenye manyoya. Kinachogusa si lazima kiwe ghali. Ila ukishakipata chenye kukugusa, sioni ubaya wa kukilipia.

Mtoto wa Tabaka
Mimi ni mchongaji, na hizo alama kwenye leso ndizo zimenifanya niandike. Kazi nyingi za soko humalizwa kwa njia moja. Jiwe hukatwa na kuchongwa kwa panga, kisu na patasi, kisha hupelekwa kwa akina mama wanaolisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji. Mwisho ni nta. Kila mahali panang'aa kwa sababu mteja anataka ing'ae. Mtu akiruka sehemu moja bila kuipiga msasa, ameamua, na uamuzi huo unaweza kumgharimu, maana dalali ataikataa akisema haijaisha.

Muulize muuzaji nani aliyeichonga. Wengi hawajui, na hilo hutuuma kuliko bei. Mzee wetu Elkana Ong'esa anajulikana, ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO kule Paris. Lakini kazi nyingi za Tabaka zinazunguka dunia bila jina la mtu.

Kabla hujalipa, ikague shingoni na pale mtoto anapoungana na mama. Pitisha ukucha. Ufa uliojazwa gundi na vumbi la jiwe hauonekani haraka.

Nyar Seme
Wasiwasi wangu ni mwingine. Dada unatoka wadini, halafu unaileta wadi sebuleni?

Mimi vinavyonigusa ni vyungu vya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi 1950 na anafanyia kazi Uingereza. Hatumii gurudumu, anavijenga kwa mkono na kuvisugua hadi ving'ae bila kuvipaka rangi. Vikichomwa mara ya kwanza vinatoka vyekundu kama machungwa yaliyoiva. Akitaka vyeusi anavichoma tena mahali palipozibwa hewa. Shingo ndefu, tumbo la mviringo, unaona kabisa mtu amesimama wima. Nyanya yangu alikuwa mfinyanzi, alikuwa akilaza kiganja ndani ya chungu kibichi na kukisikiliza kwa vidole. Nikitazama kazi za Odundo napumua. Nyumbani mimi ningeweka kitu cha kunipumzisha.

Nesi wa Mamboleo
Asanteni wote. Baba Junior, karo imelipwa.

Nyar Seme, swali lako nimelala nalo. Yale machozi hayakuwa ya huzuni. Usiku ni mimi ninayewaona wale akina mama, na asubuhi wameruhusiwa au wamehamishwa, hakuna anayejua waliketi vipi. Nilidhani ile shingo naiona peke yangu. Kumbe kuna mtu mwingine aliitazama mpaka akaijua, akaitoa kwenye jiwe. Nikisimama mbele yake natulia.

Jumamosi naenda na mzee, nitamuuliza swali la Mwalimu.

Baba Junior Kondele
Ulivyoandika hapo juu, mwambie shemeji hivyo hivyo. Mimi umenishinda. Lakini usitoe zaidi ya 10,000.

Mtoto wa Tabaka
Kaka, 10,000 ukitoa usafiri na faida ya duka, aliyechonga anabaki na kidogo sana. Dada, 12,000 ni haki.

Mkiichukua, iwekeni mahali pa chini, mezani au kwenye kigoda imara, si juu ya kabati. Jiwe hili ni laini, likianguka linavunjika. Ipate mwanga wa dirisha kutoka ubavuni, ndipo alama za leso zitatoa kivuli. Vumbi futa kwa kitambaa kikavu. Na muuzaji akilitaja jina la mchongaji, liandike hapa.