Kumleta mtoto wa dada kama au pair Ujerumani, wazazi wote tukiwa Watanzania

Mama_Wawili
Habari za humu ndani. Mimi na mume wangu ni Watanzania, tunaishi Hannover, watoto wana miaka 2 na 5. Zamu zetu za kazi zinagongana, kwa hiyo tunataka kumleta mtoto wa dada yangu kutoka Morogoro aje kama au pair, yaani kijana anayekaa na familia ya nchi nyingine, akisaidia watoto huku akijifunza lugha. Ana miaka 22 na cheti cha A1, kiwango cha kwanza cha Kijerumani. Nyumbani tunachanganya Kiswahili na Kijerumani. Masharti ni yapi, na kwa mwezi tujiandae na yuro ngapi? Tunamhitaji asubuhi kabla ya Kita (kituo cha kulelea watoto mchana) na jioni, na Jumamosi mara mojamoja.

Kando_ya_Elbe
Dada, kwa binti huyo haiwezekani. Sababu ziko mbili, na kila moja peke yake inatosha kuangusha maombi.

Kwanza, au pair hatakiwi kuwa ndugu wa familia inayompokea. Pili, kifungu cha 12 cha kanuni za ajira za wageni, BeschV, kinataka Kijerumani kiwe lugha ya mama katika familia. Kama si lugha ya mama lakini ndiyo mnayoongea nyumbani, kibali kinaweza kutoka kwa sharti kwamba au pair asitoke nchi ya asili ya wazazi. Mtanzania hapana, Mganda au Mnyarwanda inawezekana. Na hapo uliposema "tunachanganya" ndipo pa kuangalia sana, maana anayekuja anatakiwa aikute familia inayoongea Kijerumani mezani na kwa watoto. Mpango huu ni wa kujifunza lugha na maisha ya nchi, hauhesabiwi kuwa ajira.

Tafadhali msijaribu njia ya viza ya matembezi ya siku 90. Kulea watoto kwa ratiba na malipo ni kazi, na viza hiyo hairuhusu kazi. Akigundulika, atakayeumia zaidi ni binti, kwa sababu doa hilo litamfuata kwenye kila ombi la viza baadaye.

Yeye mwenyewe bado ana nafasi nzuri ya kwenda kwa familia ya Wajerumani. Umri ni kuanzia 18, na asiwe ametimiza 27. Muda ni miezi 6 hadi 12, na mwaka ukiisha hauongezwi.

Bi_Ratiba
Mkimpata wa nchi nyingine, kaeni na karatasi mpige hesabu ya saa kabla ya kuandika mkataba. Kikomo ni saa 30 kwa wiki na saa 6 kwa siku. Kukaa na watoto usiku mkiwa mmetoka nako kunahesabiwa, hata kama wamelala.

Mfano kwa zamu zenu: asubuhi saa 12:30 hadi 2:30, alasiri saa 9:30 hadi saa 1:00 usiku. Hizo ni saa 5 na nusu kwa siku, mara siku tano ni 27 na nusu. Zimebaki saa 2 na nusu. Wengi huziweka Ijumaa usiku, hapo wamekosea, kwa sababu jumla ya siku hiyo inafika saa 8, imepita kikomo cha 6. Ziwekeni Jumamosi jioni, muache asubuhi yake na Jumapili nzima viwe vyake. Sheria inataka siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki, angalau Jumapili moja kwa mwezi, na jioni nne huru kwa wiki.

Fedha: yuro 280 za mfukoni na 70 za kozi ya lugha, jumla 350 kwa mwezi, yaani 4,200 kwa mwaka. Ongezeni bima ya ugonjwa, ujauzito na uzazi, na ajali, zote ni juu yenu. Nauli ya kwenda kozini nayo ni yenu, pamoja na chakula na chumba. Tiketi ya ndege kwa kawaida hujilipia mwenyewe, ila mnaweza kukubaliana vingine. Likizo ni wiki 4 kwa mwaka, na za mfukoni haziachi kulipwa.

Lipeni kwa benki, si mkononi. Gharama ya malezi ya mtoto aliye chini ya miaka 14 inaingia kwenye marejesho ya kodi, lakini ofisi ya kodi haipokei malipo ya fedha taslimu. Andikeni kwenye mkataba saa ngapi ni za watoto na ngapi ni za kazi za nyumba. Msipoandika, kwa kawaida nusu tu ya gharama ndiyo hukubaliwa kuwa ya malezi.

Chumba kiwe ndani ya nyumba yenu, chenye dirisha na joto, kisichopungua mita 8 za mraba, na aweze kufunga mlango. Kochi la sebuleni halikubaliki.

Mama_Wawili
Asanteni sana, imeniuma ila nimeelewa. Tukimpata Mganda, tunaanzia wapi? Wakala ni lazima?

Kando_ya_Elbe
Wakala si lazima. Andikeni barua ya mwaliko na mkataba wenye saa, fedha, likizo na notisi ya siku 14. Wazazi wote wawili msaini, na yeye asaini. Kwa hayo, pamoja na cheti cha A1 na barua yake ya kueleza kwa nini anakuja, ataomba viza ya kitaifa. Ada ni yuro 75. Asikariri majibu, kwenye mahojiano wanaongea naye Kijerumani. Asinunue tiketi kabla viza haijatoka.

Akifika, ndani ya wiki 2 ajiandikishe makazi. Wewe ndiwe utakayesaini fomu ya mtoa makazi. Halafu ofisi ya wageni kwa kibali, kabla viza haijaisha.

Bi_Ratiba
Naongeza dogo ambalo huleta kilio siku ya kwanza kabisa: Kita haimkabidhi mtoto kwa mtu ambaye jina lake halipo kwenye orodha yao. Jazeni idhini ya kumchukua mtoto, mwende naye mara moja walimu wamwone uso, na awe anatembea na kitambulisho.

Halafu dada, kabla ya yote ulizieni nafasi ya huyo wa miaka 2. Tangu Agosti 2013 mtoto aliyetimiza mwaka ana haki kisheria ya nafasi Kita au kwa mlezi wa mchana anayetambuliwa na halmashauri. Kama pengo lenu ni la jioni chache tu, mlezi huyo anaweza kutosha, na hana sharti la lugha ya nyumbani.