Fundi kanifutia "picha nyeusi" halafu kanidai elfu tano!!!

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Yule fundi wa Kariakoo, simtaji, mnamjua, nusu ya laptop za mji huu zimefia kwake. Nilimpelekea abadilishe kioo. KIOO TU. Leo ananikabidhi huku anachekelea: "Bosi nimekusafishia, ulikuwa na mapicha meusi kibao. Ongeza elfu tano."

Elfu tano! Ya kunifutia!

Zile ni daki jamani! Unafunika lenzi makusudi, unapiga kwa muda uleule, ISO ileile na joto lilelile la picha za nyota, ili programu ijue chenga za kihisi, kile kinachonasa mwanga ndani ya kamera, ni zipi izitoe. Kihisi kikiongezeka joto nyuzi 6 hivi, zile chenga zinakaribia kuwa maradufu, na hili joto letu mnalijua. Masika nzima nawinda mawingu yapasuke nipate nebula ya Carina, lile wingu la gesi na vumbi huko kwenye nyota. Mwanga umesafiri miaka kama 7,500 kufika Kigamboni, jamaa kaumaliza kwa kitufe kimoja.

Halafu mbele ya wateja: "Kamera yako imekufa bosi, nikutafutie mteja?" Hadi muuza kahawa kacheka. ELFU TANO.

Mlalahoi wa Mbagala: Yaani umepiga picha na kifuniko juu, kisha mwenye matatizo ni fundi? 😂😂

Binti Darubini: Mkuu tulia. Daki unapiga upya hata chumbani, mradi joto lilingane. Kilio ni flati, zile picha za mwanga mtupu ulio sawasawa za kuondolea madoa ya vumbi, maana ukishafungua lenzi vumbi limehama. Flati zipo?

Mleta uzi: Kafuta! Nilivalisha lenzi fulana nyeupe alfajiri, nikapiga safi kabisa. Kasema "hizi kijivu tupu, hazina mtu hata mmoja"!!

Mlalahoi wa Mbagala: Hapo fundi nipo naye.

Kungwi Mstaafu: Afadhali yako. Mimi fundi cherehani kanipunguzia suruali ya harusi mguu mmoja, kasema mwingine nije Jumatatu. Harusi Jumamosi.

Binti Darubini: Tegeta kuna baa imefunga taa inamulika hadi mawinguni, mimi hata Msalaba wa Kusini nautafuta kwa kupapasa.

Mzee wa Supu: Baa ipi hiyo? Wana kitimoto?

Kungwi Mstaafu: Suruali ninayo bado, anayeitaka aje PM.

Mleta uzi: Jamani, elfu tano yangu?

Mzee wa Supu: Mkuu subiri kwanza, tunaulizia baa.