Naomba ushauri: mfalme wa mji wetu wa kubuni amekuwa na nguvu mno

Wadau, mchezo wa mezani unatungwa hapa Kisumu: mji wa kubuni kando ya ziwa, taji moja, koo nne za makabaila. Bandari, ghala la mtama, daraja na chumvi, kila ukoo na chake.

Shida iko kwenye kodi. Kila zamu ukoo hupata sarafu 10, mfalme anachukua 3 kwa kila mmoja. Askari ni sarafu 4. Zamu ya tano ikiisha mfalme ana askari 15, ukoo 8. Koo mbili zikiungana ni 16, ushindi mwembamba sana, na anayemsaliti mwenzake hupewa ardhi yake. Nani atathubutu? Kodi ikishuka hadi 2 wote wanakuwa na askari 10, na mfalme anabaki pambo.

Gugumaji kuziba bandari dadu ikiangukia 6 (wa Ghuba ya Winam, hapa Ziwa Victoria, mnalijua) huumiza ukoo mmoja tu.

Je, kodi ibaki 3 na taji lilipe sarafu 1 kwa kila askari wake kila zamu, au ishuke hadi 2 na kila ukoo upeleke mtoto ikulu kama rehani? Ipi haitaongeza hesabu nyingi mezani?