Wasichana wa kidato cha pili wananikimbia uwanjani

Mwl_Michezo: Wanajamvi, naombeni ushauri. Nafundisha michezo shule ya kata huku Muheza. Wakiwa kidato cha kwanza wasichana wanacheza netiboli hadi nawafukuza magharibi. Wakiingia cha pili zinaanza: "Mwalimu, tumbo." "Mwalimu, nimesahau raba." Nilikuwa nao 22, wamebaki 7. Timu ndiyo hiyo hiyo saba, akiumia mmoja tumekwisha, na UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, hiyo inakuja. Viboko sitaki. Nifanyeje?

Bi_Mgeni: Mwalimu, uwanja wenu uko wapi? Mimi nilicheza GA, mfungaji kwenye netiboli, nikaacha na miaka 14. Kifua kimeanza, sidiria ya maana sina, nikiruka vijana wa kijiweni wanapiga mbinja. Na kile kisketi cha pleti! Mwalimu wangu akaniandika mtoro, yakaisha. Waache wavae trakisuti, na mwenye hijabu acheze nayo. FIFA wenyewe waliiruhusu tangu 2014.

Baba_Wawili: Simu tu hizo. Watoto wa siku hizi wavivu.

Bi_Mgeni: Baba, simu hata wavulana wanazo. WHO walitoa hesabu 2019: katika wasichana 100 wa miaka 11 hadi 17 duniani, 85 hawafikishi mazoezi yanayotakiwa, yaani dakika 60 kwa siku. Wavulana 78. Wote hoi, ila wa kike zaidi. Na hapo kwako, saa kumi jioni nani yuko bombani na ndoo?

Nesi_Mstaafu: Mwalimu, tumbo lingine ni la kweli. Taulo za kike ziwepo kwa matroni, asiombe mbele za watu. Hedhi haikatazi mazoezi. Wengine wakijinyoosha kidogo maumivu yanapungua. Asiyeweza siku hiyo mpe filimbi, asirudi nyumbani.

Mwl_Michezo: Shikamoo Nesi. Bi Mgeni, umenipata: uwanja wetu unatazamana na kijiwe cha bodaboda. Miaka minne napita pale na sijaona tatizo!

Jana nikawapeleka nyuma ya bwalo. Kopo, mchanga, mpira wa soksi: rede. Wakaja 15. Yule bingwa wa "tumbo" alikwepa mipira mpaka kopo likajaa, akalimwaga akaanza upya. Sasa nimekwama kwenye nguzo za netiboli. Kule nyuma ni mizizi ya mwembe mitupu, jembe linadunda. Kuna aliyewahi kusimika nguzo kwenye matairi yaliyojazwa zege?